Zawadi iliyogeuka kodi: maswali yenu kuhusu India ya kale

Makala ya mwezi uliopita kuhusu zama za Veda, yaani kaskazini mwa India kati ya takriban 1500 na 600 K.K., imeleta maswali mengi. Nimechagua haya matano. Yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Watu hao hawakuacha maandishi. Tunajuaje maisha yao? (Msomaji, Tanga)

Waliacha maneno yaliyohifadhiwa vifuani. Rigveda peke yake, mkusanyo wao wa kwanza wa nyimbo za ibada, ina nyimbo 1,028. Mwanafunzi alikariri ubeti wote, kisha akaukariri upya kwa kuunganisha maneno mawili mawili, kisha mbele na nyuma, hata silabi ikikosewa kosa linajitokeza lenyewe. Ubeti wa Gayatri, ambao Wahindu wa Mombasa na Dar es Salaam wanausoma mpaka leo, umetoka humo, kitabu cha tatu. Ila tukumbuke kwamba waliohifadhi ni makuhani. Sauti ya mchungaji na mtwana inasikika kwa mbali sana.

Raja alikuwa mfalme kweli, au kiongozi wa kabila tu? (Mwalimu wa historia, Kisumu)

Hili ndilo swali lenyewe, na naomba nilijibu polepole.

Raja wa nyimbo za mwanzo, kule Punjab, alikuwa mkubwa wa watu wenye ng'ombe. Hakuwa na jeshi la kudumu wala watoza kodi. Vita vingi vilikuwa vya kunyang'anyana mifugo, na kilichotekwa kiligawanywa. Yalikuwapo mabaraza, sabha na samiti, ambayo raja alihitaji kukubalika nayo. Watu walimletea *bali*, yaani zawadi, naye alitarajiwa kuwa mkarimu. Nyimbo nyingine zinaishia kwa kumsifu raja fulani kwa ng'ombe na farasi aliomtunza mwimbaji.

Baada ya 1000 K.K. hivi, koo zikasogea mashariki hadi bonde la Yamuna na Ganga, na kilimo kikashika nafasi ya ufugaji. Wakatokea Wakuru na Wapanchala, miungano mikubwa kuliko koo za awali. Hapo mizani ikabadilika. Mwenye ng'ombe akichoshwa na mkubwa wake anaweza kuswaga mifugo yake akaondoka. Mwenye shamba hawezi kulibeba. Zawadi ile ya *bali* ikaanza kuwa lazima.

Tazama ibada ya kumtawaza raja, *rajasuya*. Anapanda gari la farasi na kuwavamia ng'ombe wa ndugu yake, kwa kuigiza. Kisha anacheza dadu, na mchezo umepangwa ashinde. Lakini katika ibada hiyohiyo anapita nyumba kwa nyumba kwa wasaidizi wake wakuu, na miongoni mwao yumo mtunza hazina na mgawa mafungu. Uvamizi umekuwa maigizo, ila mtunza hazina ana kazi ya kweli. Naona dola inazaliwa hapo.

Makuhani wenyewe hawakuficha. Shatapatha Brahmana, kitabu chao cha kufafanua kafara, kinasema utawala ni swala na raia ni shayiri anayoila. Swala halimi.

Je, kasta zilikuwapo tangu mwanzo? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro)

Si kwa ukali tunaoufikiria. Katika kitabu cha tisa cha Rigveda mtunzi mmoja anasema yeye ni mshairi, baba yake tabibu, mama yake anasaga nafaka kwa mawe, na kila mmoja anatafuta riziki kwa njia yake. Nyumba moja, kazi tatu, wala haoni haya kulitaja jiwe la mama yake.

Makundi manne yanatajwa pamoja mara moja tu katika Rigveda nzima, kwenye wimbo wa Purusha, kitabu cha kumi, ambacho ni cha baadaye: kuhani katoka kinywani, mtawala mikononi, mkulima na mfugaji mapajani, mtumishi miguuni. Kwa maoni yangu, si bahati kwamba mpangilio huu unapata nguvu wakati uleule zawadi ya *bali* inapokuwa lazima. Anayekula shayiri ya wengine anahitaji maelezo ya kwa nini wengine walime.

Ni chuma kilicholeta yote haya? (Msomaji, Bujumbura)

Kilisaidia, lakini baadaye. Chuma cha mwanzo kilichofukuliwa Atranjikhera, mahali pa kale kaskazini mwa India, kwa mfano, ni vichwa vya mikuki na mishale zaidi kuliko zana za shambani. Na misitu iliyozuia kilimo iliweza kuchomwa, bila kungoja shoka la chuma: Shatapatha hiyohiyo inasimulia jinsi Videgha Mathava alivyomfuata Agni, mungu wa moto, akiunguza nchi kuelekea mashariki hadi mto Sadanira.

Kila dola ilitawaliwa na mfalme? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Kufikia karne ya 6 K.K. zilihesabiwa dola kubwa 16, na Vajji, iliyokuwa na makao Vaishali, ilitawaliwa na baraza la wakuu wa koo. Haikuwa demokrasia, watumwa na vibarua hawakuketi humo. Hata hivyo ilimnyima usingizi Ajatashatru, mfalme wa Magadha. Maandiko ya Kibuddha yanasema alimtuma waziri wake Vassakara kwa Buddha kuulizia. Buddha akajibu kwamba Wavajji hawatadhoofika maadamu wanakutana mara kwa mara na kuafikiana. Waziri akaelewa: vitani hawashindiki, labda wagombanishwe wao kwa wao.

Hatimaye Magadha iliimeza Vajji. Ngome iliyojengwa kijiji cha Pataligama, ukingoni mwa Ganga, ili kuwazuia Wavajji ndiyo iliyokua ikawa Pataliputra, mji mkuu wa Chandragupta, mwanzilishi wa dola ya Maurya, aliyeshika madaraka karibu 321 K.K. Leo unaitwa Patna.