Maswali ya Wasomaji: Eduard Hanslick, mhakiki au adui wa Wagner?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ninaposoma habari za mtunzi Richard Wagner nakutana na jina la Eduard Hanslick, naye hutajwa kama mtu wa kejeli na chuki tu. Kazi yake hasa ilikuwa ipi, na alipataje sauti kubwa kiasi hicho ilhali umaarufu wake haukutokana na utunzi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, sifa hiyo alivishwa zaidi na mahasimu wake, nayo inaficha kwamba alianza akiwa mshabiki wa Wagner. Hanslick alizaliwa Prague mwaka 1825, akafundishwa muziki na mtunzi Tomášek, kisha akasomea sheria na kupata shahada ya udaktari huko Vienna mwaka 1849. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1846, aliandika makala ndefu ya kuisifu Tannhäuser, opera ya Wagner, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Baadaye aliajiriwa serikalini, huku akiendelea kuandika uhakiki.

Kilichowatenganisha ni fikra. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1854, Vom Musikalisch-Schönen (Kuhusu Uzuri wa Muziki), Hanslick alishikilia kuwa uzuri wa muziki umo katika sauti zenyewe na jinsi zinavyopangwa na kusonga. Hakukana kwamba muziki huwaliza watu na kuwafurahisha; alichokataa ni kuifanya hisia ya msikilizaji kuwa kipimo cha uzuri. Kwa mtu mwenye msimamo huo, opera ambayo muziki wake unautumikia mchezo wa jukwaani ilikuwa mzigo, na haishangazi kwamba alimpenda mtunzi Johannes Brahms, ambaye hakutunga opera, rafiki yake aliyemtunukia walsi zake, vipande vya mtindo wa dansi, za opus 39.

Kuhusu sauti yake, jibu ni kwamba alikuwa na majukwaa mawili. Kitabu kilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Vienna, alikofanywa profesa mwaka 1861, na gazeti la Neue Freie Presse lilipoanzishwa mwaka 1864 akawa mhakiki wake wa muziki. Cheo kiliyapa maneno yake uzito, gazeti likayafikisha kwa wenyeji wa mji ambao ulikuwa kitovu cha muziki wa Ulaya. Wagner naye hakuwa mtu wa kusamehe: katika rasimu ya mwaka 1861 ya opera yake Die Meistersinger, karani anayeng’ang’ania kanuni aliitwa Hanslich, ingawa opera ilipooneshwa mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1868 mhusika huyo alikuwa amekwisha kuitwa Beckmesser.

Je, hakukosea? Alikosea, tena vibaya. Desemba 1881 mpiga fidla Adolph Brodsky alipopiga Vienna, kwa mara ya kwanza, utunzi wa Mrusi Tchaikovsky wa fidla na okestra, ambao leo hupigwa kote duniani, Hanslick aliandika kuwa anasikia ndani yake matusi na kunusa pombe kali ya sikukuu ya Kirusi. Kwa maoni yangu, ubaya wa uhakiki huo hauko katika ukali wake, bali katika kuitupa kanuni yake mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyetaka tuzisikilize sauti na mpangilio wake alihukumu kwa picha na harufu zilizomjia kichwani.

Ukitaka kumsoma, anza na kitabu cha 1854, ambacho ni kifupi, kabla ya kumbukumbu za maisha yake, Aus meinem Leben, zilizotoka mwaka 1894.