Kovu Dogo, Kazi Kubwa: Kutunza Mshono Baada ya Upasuaji wa Roboti ya Tundu Moja

Anayefanyiwa upasuaji wa figo, kibofu au tezi dume kwa roboti ya tundu moja hubaki na kovu la sentimita 3 hivi, na udogo huo humdanganya. Mashine hiyo, da Vinci SP, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa upasuaji wa njia ya mkojo, hupitisha kamera na vifaa vitatu ndani ya bomba moja la milimita 25. Roboti ya kawaida hutumia matundu kadhaa, mengi ya milimita 8 tu. Ngozi hufunga ndani ya wiki 2. Chini yake kuna utando mgumu unaozuia utumbo usitokeze, na huo bado unashikiliwa na nyuzi. Mtu hutazama ngozi, anajiona amepona, anabeba jerikeni.

Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Kwa wiki 6 za mwanzo usizidi kilo 4 au 5, isipokuwa daktari wako amesema vingine. Jembe na magunia vingoje. Boda boda nayo ingoje, hasa kwa aliyetolewa tezi dume: kiti chake hugandamiza karibu na pale njia ya mkojo iliposhonwa upya.

Choo kigumu huumiza mshono kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vya maumivu kama tramadol na kodeini hufunga choo, na kujikamua huuvuta utando ule ule. Kunywa maji, kula papai na mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati, na omba dawa ya kulainisha choo kabla hujatoka hospitali. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni.

Kidonda chenyewe hakitaki mambo mengi. Kama ngozi ilifungwa kwa gundi, usipake mafuta wala kuibandua, itajitoa yenyewe. Kwa kawaida unaweza kuoga maji ya kumwagia baada ya siku 2, kisha ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi. Usifungue kapsuli ya antibiotiki ukanyunyiza unga wake. Haufiki palipo na vijidudu na huficha usaha. Kovu la kitovuni hukusanya jasho, likague kila siku. Kovu la chini ya kiuno husuguliwa na mkanda wa suruali au kitambaa cha kiunoni cha gomesi, vazi refu la wanawake wa Uganda, kwa hiyo vaa nguo zisizobana.

Matone machache ya majimaji ya waridi siku za mwanzo si ajabu, wala michubuko inayoshuka hadi kwenye korodani, mradi uvimbe hauongezeki. Cha kuogopa ni majimaji mengi ya waridi yanayobubujika ghafla, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Huenda utando wa ndani umeachia. Lala chali, usile wala kunywa, funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya chumvi ya hospitali, upelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji. Utumbo ukichungulia, usiurudishe kwa mkono. Maji yanayonuka mkojo yanahitaji daktari siku hiyo hiyo. Wekundu unaotambaa, usaha, maumivu yanayozidi au homa ya nyuzi 38 na zaidi ni dalili za maambukizi. Mwenye kisukari asisubiri kesho.

Ngiri, yaani utumbo kusukuma kupitia utando ulioachia, hujitokeza taratibu, pengine baada ya miezi. Lala, weka vidole juu ya kovu, inua kichwa: ukihisi kitu kinasukuma, nenda ukapimwe. Kikiwa kigumu, kinauma, hakirudi ndani na unatapika, hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Aliyefanyiwa upasuaji nje ya nchi asipande ndege bila karatasi inayoeleza tundu lilikuwa wapi, utando ulishonwa kwa uzi gani, ngozi ilifungwaje na mpira wa mkojo utolewe lini. Daktari wa Gulu au Mbarara, Uganda, hawezi kuyasoma hayo kwenye kovu.