Kauboi Aliyeanguka kwa Niaba ya Staringi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba katika sinema za zamani za John Wayne, aliyekuwa akiruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine ni mtu ambaye naye aliwahi kuwa staringi wa sinema za kauboi. Ni nani huyo, na kwa nini alikubali kushuka cheo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, huyo ni Yakima Canutt, aliyezaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Washington, Marekani, na ambaye kabla ya kuingia Hollywood alikuwa bingwa wa mashindano ya Pendleton ya rodeo, yaani mchezo wa makauboi wa kupanda farasi wakali na kukamata ng'ombe. Katika miaka ya 1920 alikuwa staringi wa sinema kadhaa za gharama ndogo zisizo na sauti, ingawa hakuufikia umaarufu wa Tom Mix, nyota mkubwa wa sinema za kauboi wa enzi hizo. Sauti ilipoingia kwenye sinema mambo yalimharibikia, kwa kuwa homa ya mafua aliyougua akiwa katika jeshi la majini ilikuwa imeidhoofisha sauti yake. Akabaki na nafasi za majambazi, pamoja na kazi ya kuanguka na kuburutwa badala ya wengine.

Kuhusu kushuka cheo, sikubaliani nawe. Yeye na Wayne ndio walioboresha namna ya kupigana ambayo ngumi hupita kando ya uso, huku kamera ikiwekwa mahali ambapo mtazamaji huamini kwamba imempata mtu. Alibuni pia kikuku cha tandiko la farasi (pale mpandaji anapoweka mguu) kilicho wazi upande mmoja, ili mguu usinase mpandaji anapojiangusha. Katika *Stagecoach* ya 1939 anawarukia farasi wa mbele wanaovuta gari la abiria, anapigwa risasi, anadondoka katikati ya kwato zinazokimbia, na gari zima linapita juu yake. (Sifa hizo zisifiche kwamba yeye na wenzake waliwaangusha farasi kwa nyaya zilizofungwa miguuni, mbinu iliyowaumiza wanyama wengi.)

Majeraha yalipomzidi, aligeukia kuongoza matukio ya hatari, na ndiye aliyesimamia mbio za magari ya farasi katika *Ben-Hur* ya 1959, ambamo mwanawe Joe, akimwakilisha staringi Charlton Heston, alirushwa kweli nje ya gari na kipande hicho kikaachwa ndani ya filamu. Mwaka 1967 Canutt alikabidhiwa Oscar ya heshima kwa kazi hiyo ya hatari na kwa vifaa alivyobuni vya kuwakinga wenzake.