Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Mtumba na Mikono Iliyoipitia

SWALI: Nina pikipiki ya cc 150 niliyoinunua ikiwa imetumika. Cheni ilipoisha niliagiza nyingine kwa kutaja jina la pikipiki na mwaka wake. Imekuja ya pingili 118 kama kitabu kinavyosema, lakini haifiki. Fundi amehesabu meno ya sproketi (magurudumu ya meno yanayozungusha cheni) akapata 14 mbele na 45 nyuma, wakati kitabu kinasema 15 na 42. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Na nitajuaje kama kuna vingine vilivyobadilishwa?

JIBU: Si kibovu. Aliyekutangulia alitaka nguvu ya kuvuta, akakubali kupoteza mwendo. Gawanya 42 kwa 15 upate 2.8. Gawanya 45 kwa 14 upate 3.21. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 15: pale injini ilipokuwa inazunguka mara 5,000 kwa dakika, sasa itazunguka kama mara 5,740 kwa mwendo uleule. Utapanda mlima ukiwa na mzigo bila kuhangaika, ila kwenye barabara ndefu injini italia mapema na mafuta yatakwenda haraka zaidi. Kama waya wa spidomita unatoka kwenye gurudumu la mbele, namba unayoiona bado ni sahihi. Kama inasoma kutoka kwenye giaboksi, itakudanganya: ukienda kilomita 60 kwa saa itaonyesha kama 69.

Kuhusu cheni, jumla ya meno imeongezeka kwa mawili, na hayo yanakula pingili moja na ushee. Ili ile ya 118 ifike, ekseli ya nyuma ingebidi isogee mbele kama milimita 7, nafasi ambayo huenda haipo. Nunua ya 120. Cheni huenda kwa namba shufwa kwa sababu pingili nyembamba na pana hupokezana. Kile kipande cha nusu pingili cha kuungia kiache, ndicho kinachokatika kwanza. Hakikisha pia namba ya cheni (420, 428 au 520) inalingana na iliyogongwa kwenye sproketi zenyewe. Ukishafunga, acha ulegevu ambao kitabu kinataja, kwa kawaida milimita 20 hadi 30 katikati, na upime sehemu tatu au nne huku ukizungusha gurudumu. Ukiamua kurudi 15 na 42, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika haidumu.

Sasa hilo la pili, ambalo kwetu ni kubwa zaidi. Sproketi hizo zinakuambia pikipiki ilikuwa inabeba. Basi anza ukaguzi pale mzigo unapokaa. Gonga spoku za nyuma moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Angalia fremu chini ya kiti kama kuna welding isiyofanana na ya kiwandani, na kama springi za shokapu mbili za nyuma ni za unene mmoja. Tuliokwisha kuona springi za pikipiki mbili tofauti zikiwa upande huu na huu hatushangai tena.

Kisha nenda mbele. Pima urefu wa mirija ya shokapu inayotokeza juu ya kishikio chake, kushoto na kulia. Ikitofautiana hata milimita chache, legeza bolti uisawazishe. Ikitokeza sana pande zote mbili, mtu aliishusha pikipiki. Dalili nyingine ya kushushwa ni stendi ya pembeni: inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama karibu wima na upepo unaiangusha. Kama pikipiki yako ina swichi kwenye stendi hiyo, shika klachi, weka gia injini ikiwa inawaka, kisha teremsha stendi. Injini isipozima, huenda waya zake zimeunganishwa moja kwa moja. Hilo lirudishwe siku hiyohiyo, kwani stendi iliyosahauliwa chini hukwama ardhini kwenye kona ya kwanza ya kushoto.

Namba za injini na fremu zilinganishe na kadi, namba kwa namba. Injini nzima huwa inabadilishwa, na hata isipobadilishwa silinda inaweza kuwa nyingine. Chukua injini za muundo wa Honda CG125: kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu 49.5, jumla cc 124. Weka silinda ya milimita 62 kwenye mwendo uleule, zinakuwa cc 149, na mtu aliye nje hajui kitu mpaka anunue ringi (pete za pistoni) zisizoingia. Lakini usichanganye hilo na ukarabati wa kawaida. Pistoni iliyogongwa 0.50 juu ya kichwa chake ina maana silinda ilichongwa nusu milimita baada ya kulika. Hiyo haiongezi nguvu ya kuhisika. Ringi zake ndizo lazima ziwe za 0.50.

Tangu leo usiagize kifaa kwa jina la pikipiki. Toa kilichopo, soma namba yake, kipime, ndipo uagize.

SWALI: Pikipiki yangu ya kabureta ilikuja na egzosi ya kelele, na mahali pa boksi la chujio kuna chujio la koni. Nikiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko inapasuka pa-pa-pa, na plagi ni nyeupe. Fundi anataka kubadilisha kabureta nzima.

JIBU: Kabureta muiache kwanza. Hewa inaingia nyingi, mafuta ni yaleyale. Plagi nyeupe ndiyo ushahidi. Ukiendelea hivyo injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Anza na bei rahisi: injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya egzosi na silinda, washa, tazama mapovu. Gasketi iliyoungua peke yake inatosha kuleta milipuko hiyo. Kagua pia mpira wa kabureta kama una nyufa.

Pakiwa salama, rekebisha kwa eneo. Jeti ni vipande vyenye tundu dogo la kupitishia mafuta ndani ya kabureta. Jeti kubwa inatawala mkono ukiwa umefunguliwa zaidi ya robo tatu. Sindano inatawala katikati. Jeti ndogo na skrubu yake, mwanzoni. Panda jeti kubwa saizi moja au mbili, si zaidi kwa mara moja. Kwenye sindano, shusha klipu tundu moja: sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Skrubu inahitaji uangalifu. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, kuifungua kunaongeza hewa. Mafundi wengi hukosea hapo. Unatafuta plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka. Masizi makavu ni mafuta kuzidi. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu, na jeti haitibu hilo.

Kwa maoni yetu, ukilipata boksi la chujio la asili, lirudishe pamoja na jeti zake. Chujio la koni likilowa mvua linakuachia kazi njiani.

SWALI: Betri mpya ya Ah 5 (ampia-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) inakufa usiku mmoja. Chini ya kiti kuna rundo la waya lililofungwa kwa tepu.

JIBU: Kufa usiku mmoja ni mvujo wa karibu nusu ampia. Zima swichi, toa waya hasi wa betri, weka mita kwenye ampia 10 kati ya waya huo na betri. Usiwashe swichi wala kugusa stata, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki isiyo na alamu haipaswi kusoma zaidi ya miliampia moja au mbili. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine, kisha waya za ziada, mwisho plagi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), maana diodi mbovu ndani yake nayo inavuja. Kilichoangusha namba ndicho mwizi.

Taa za ziada zifungie rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo; miguu yake ina namba. Mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu nayo, 87 unakwenda taani, 85 kwenye bodi (chuma cha fremu), 86 waya unaopata umeme swichi ikiwashwa. Taa mbili za wati 20 zinavuta ampia 3.3; fyuzi ya ampia 5 inatosha. Ukikuta ya ampia 30, au kipande cha karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, waya umegeuzwa kuwa fyuzi, yaani ndio utakaoungua kwanza. Maungio ya kusokota yachomelee kwa risasi, kisha pima betri taa zote zikiwaka na injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Chini ya volti 13, punguza taa.