Nyumba yangu ni ya namba shufwa

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukame ukija, je, ni haki mamlaka kukupangia siku ya kumwagilia nyasi za nyumbani kwako? Jibu langu ni kwamba haki wanayo, ila wamekosea cha kupanga. Naishi Van Nuys, mjini Los Angeles, na riziki yangu ni kukata nyasi za watu na kutengeneza mabomba yanayozinyunyizia maji. Mjue basi kwamba anayejibu hapa si mtazamaji. Ukame wa 2022 ulinigusa mfukoni kwanza, habari za moyo zikaja baadaye.

Asiyekuwapo naomba anisikilize kidogo. Miezi mitatu ya mwanzo ya 2022 ilikuwa mikavu kuliko Januari, Februari na Machi za mwaka wowote ulioandikwa California. Ghala letu la maji huku ni theluji ya milima ya Sierra Nevada, na mwaka huo ghala halikufika hata nusu ya kawaida yake. Mradi wa jimbo unaoshusha maji kutoka kaskazini ulitangaza kwamba utawapa wateja wake asilimia 5 tu ya walichoomba. Mwezi Aprili Metropolitan, shirika linalouza maji kwa jumla kwa miji ya kusini mwa California, likatangaza dharura kwa sehemu zinazotegemea mradi huo, zenye watu takriban milioni 6. Miji ikapewa chaguo: ama wakazi wamwagilie nje siku moja tu kwa wiki, ama mji ujibane usipite kiasi fulani cha maji kwa mwezi.

Los Angeles ikachagua kiasi. Kiasi chenyewe kilikuwa wastani wa galoni 80 kwa mtu kwa siku, yaani takriban lita 300. Lakini kutufikishia sisi wakazi, jiji liligeuza lita zile zikawa siku. Kuanzia tarehe 1 Juni, nyumba za namba witiri, kama 1, 3 na 5, zikamwagilia Jumatatu na Ijumaa, za namba shufwa, kama 2, 4 na 6, Alhamisi na Jumapili. Saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni ilikuwa marufuku. Na kila mkondo wa vinyunyizio vya kawaida, dakika 8 basi.

Nyumba ninayopanga ni ya namba shufwa. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hesabu za darasa la nne zingekuja kuniamulia kitu maishani.

Sasa niwaeleze mkondo ni nini, maana hapo ndipo jambo lilipojificha. Ua wa nyumba huku haumwagiliwi na mtu mwenye mpira mkononi. Mabomba yamezikwa chini, yamegawanywa mafungu, na kila fungu lina vichwa vitano, sita hivi, vinavyochomoza pamoja na kurusha maji pamoja. Fungu hilo ndilo mkondo. Ukutani gereji kuna kisanduku chenye saa kinachofungua mkondo wa kwanza, kikaufunga, kikafungua wa pili, mwenye nyumba akiwa amelala. Wengi wa wateja wangu hawajui kisanduku hicho kinafunguliwaje. Ndiyo maana wananiita.

Siku moja mwezi huo wa Juni nilifungua mkondo mmoja wa kwangu nikaenda kusimama juu ya mita ya maji. Dakika 8 zikamaliza kama galoni 80. Nikarudia kusoma, maana niliona nimekosea. Mkondo mmoja, mara moja, ulikuwa umekunywa mgao wa mtu mmoja wa siku nzima, wa kunywa, kuoga, kufua na choo. Mimi nina mikondo mitatu.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama simu. Yuko Kitui, na huko nako wakati huo mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu. Hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa imepita hivyo katika sehemu kubwa ya Kenya kame. Nilimweleza habari za shufwa na witiri, tukacheka. Nilidhani atanisuta kwa kumwagia maji kitu kisicholiwa na mbuzi. Hakunisuta. Aliuliza swali la mtu anayenunua maji: "Na siku yako ikifika, wanakupimia mitungi mingapi?" Nikamwambia hakuna kipimo, ni dakika tu kwa kila mkondo. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwenye mikondo mingi anachota zaidi?" Ndiyo, mama. "Huku anayeuza maji hakuulizi leo ni Alhamisi au Jumatatu. Anahesabu mitungi."

Lita 300 ni mitungi 15 ya lita 20. Mikondo yangu mitatu ni mitungi 45. Punda wa nyumbani hubeba minne kwa safari moja, kwa hiyo Alhamisi yangu moja ni safari kumi na moja na ushee za kwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto na kurudi. Sisemi haya ili mtu wa Van Nuys aone aibu. Maji yaliyookolewa hapa hayafiki Kitui. Nayasema kwa sababu mama alitia kidole palepale pabovu, naye hajawahi kuiona saa ya vinyunyizio.

Kuna mteja wangu mmoja juu mlimani, ua wake una mikondo 14. Fanya hesabu: mitungi 210 kwa siku moja ya halali, na alikuwa na siku mbili kwa wiki sawa na mimi. Amri ilitufanya sawa kwenye kalenda. Kwenye mita hatukukaribiana hata kidogo, na hakuvunja sheria yoyote.

Baadaye aliivunja, na mimi nilimsaidia. Mwezi Julai nyasi zilipoanza kugeuka rangi aliniomba niongeze siku ya tatu, saa nane usiku, ambapo hakuna mkaguzi anayepita. Nilijua ni makosa. Pia nilijua kwamba wiki ile wateja wawili walikuwa wameniachisha kazi, maana nyasi isiyomwagiliwa haikui, na isiyokua haikatwi. Nikaweka ile saa nane. Baada ya majuma machache barua ya onyo ikamfikia. Nadhani jirani alisikia vichwa vikichomoza. Hakunilaumu, alinitaka tu nikaondoe. Nilikwenda jioni hiyohiyo, kwa haraka ambayo sikuwa nayo siku ya kuweka.

Watetezi wa siku wana hoja, nami sitaki kuiruka. Siku inaonekana. Mkaguzi akikuta maji yanatiririka barabarani Jumanne, hahitaji kufungua mita wala kuuliza kitu. Tena amri ilifanya kazi: Juni 2022 jiji lilitumia maji pungufu kwa asilimia 9 kuliko Juni ya mwaka uliotangulia. Kwa kazi ya mwezi mmoja hiyo si haba. Ila kwa nilivyoona mimi, punguzo lile lilitoka zaidi kwa waliokuwa na kidogo cha kupunguza, na kwa watu kama jirani yangu mzee ambaye alizima kila kitu kabisa kwa kuogopa faini.

Kwamba lita zinaweza kuhesabiwa, ushahidi hauko mbali. Vuka mpaka wa jiji uende upande wa Calabasas, kwenye wilaya ya maji ya Las Virgenes, wanakokaa matajiri na watu wa sinema. Huko kila nyumba ina bajeti yake ya maji. Aliyepitisha bajeti kwa nusu nzima zaidi, akarudia hadi mara nne, alifungiwa kwenye bomba lake kipande cha chuma chenye tundu dogo katikati. Jikoni maji yanatoka, bafuni yanatoka taratibu, lakini vinyunyizio havina nguvu ya kuchomoza. Faini zilikuwa zimeshindwa nao. Mtu mwenye nyumba ya mamilioni ya dola hulipa faini kama anavyolipa maegesho. Kile kichuma hakina bei. Nikiri kwamba mara ya kwanza nilipokisikia nilifurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Wapo watakaosema: mnatuhangaisha na nyasi ilhali mashamba ya California yanachukua kama asilimia 80 ya maji yanayotumiwa na binadamu, na lozi zinakwenda kuuzwa ng'ambo. Ni kweli, na hilo lina mjadala wake. Lakini mjini kwenyewe, karibu nusu ya maji ya majumbani huishia nje. Ukitafuta pa kupunguza bila mtoto kukosa kuoga, ni pale.

Halafu kuna habari ya nyasi zenyewe. Mwaka huohuo bodi ya maji ya jimbo ilipiga marufuku maji ya kunywa kumwagiwa nyasi za mapambo kwenye maeneo ya biashara, viwanda na taasisi. Mapambo maana yake ni nyasi zisizokanyagwa na mtu isipokuwa yule anayezikata. Nilicheka peke yangu kwenye gari. Mtu huyo ni mimi. Kuna vipande vya nyasi mbele ya majengo ya ofisi ambavyo kwa miaka sijaona kiatu kikipita juu yake ila changu.

Na jambo ambalo wasomaji wa nyumbani watalipenda: nyasi mojawapo inayowasumbua sana wenye bustani huku inaitwa kikuyu. Ndiyo, hiyohiyo ya nyanda za juu za Kenya. Ililetwa California mnamo 1918 ili kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mifereji, ikatoka ikatambaa, na sasa vitabu vya bustani vinaihesabu kuwa gugu. Kwa wakati uo huo, klabu ya gofu ya Riviera, moja ya viwanja maarufu vya nchi hii, imejaa hiyo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda kwa shangazi Limuru, na kikuyu ilikuwa kitanda cha kulalia tukichunga. Ng'ombe waliikata wenyewe, bure.

Nalisema hili kwa sababu ya kazi pia. Kikuyu, na ile ya Bermuda ambayo jina lake linapotosha maana asili yake si kisiwa hicho, ni nyasi za joto. Ukizinyima maji huwa hudhurungi na kulala. Hazijafa. Mvua ikirudi zinaamka. Nyasi laini za asili ya Ulaya, zilizo kijani mwaka mzima, ndizo zinazolia kila baada ya siku mbili. Nilitumia nusu ya kiangazi kile kuwashawishi watu kwamba rangi ya simba si aibu. Tangu 2014 sheria ya jimbo inazikataza jumuiya za wenye nyumba kumtoza mtu faini kwa kuacha kumwagilia nyasi wakati wa dharura ya ukame, lakini macho ya jirani hayana sheria.

Mti ni habari nyingine, na hapa ndipo nilipoumia. Watu walizima vinyunyizio wakasahau kwamba jakaranda iliyosimama katikati ya nyasi imeishi miaka thelathini kwa maji ya kuibia. Mizizi yake imezoea kukaa juu juu, pale maji ya dakika nane yanapoishia. Nyasi ikilala, mti haulali, unakauka kutoka kwenye ncha za matawi, na ukiiona dalili hiyo mara nyingi umechelewa. Amri haikuwakataza: kumwagilia kwa mkono, kwa mpira wenye pua inayojifunga, kuliruhusiwa kila siku asubuhi na jioni. Inatosha kuuacha mpira udondoke polepole kwenye duara la kivuli cha mti, si kwenye shina, mpaka udongo ulowe chini kabisa, kisha unaacha majuma mawili. Lakini nani alimweleza mwenye nyumba hayo? Ratiba ilizungumza kuhusu siku. Mvua zilipokuja tulikata jakaranda mbili kwenye mtaa mmoja, na gharama ya kukata na kubeba ingenunua maji yake ya miaka mingi.

Mvua nazo zilikuja kwa fujo, majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, hadi barabara zikageuka mito. Machi 2023 Metropolitan ikaondoa masharti ya dharura. Simu zikaanza siku zilezile: rudisha saa kama ilivyokuwa.

Yule wa mlimani naye alipiga. Nilikwenda nikafungua kisanduku, nikarudisha mikondo 13. Wa kumi na nne ni ule wa nje ya geti, kipande chembamba cha nyasi kando ya barabara, chenye jakaranda moja, ambacho hakuna mtu amewahi kukikanyaga ila mimi. Huo niliukatia waya, nikamwambia vali yake ya kufungulia maji imekufa na nitaagiza nyingine. Jakaranda naitilia mpira mwenyewe kila nikienda. Vali hajaiulizia mpaka leo.