Vali inayobinuka na hofu ya usiku

SWALI: Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha vali yangu ya mitrali (kilango cha damu kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) inabinukia chemba ya juu, damu inavuja kidogo. Mbona nikilalia ubavu wa kushoto moyo unaruka, hofu inanishika?

JIBU: Ukilalia kushoto moyo husogelea mbavu, hivyo pigo la ziada hulisikia kama teke. Geukia kulia. Hofu humwaga adrenalini (homoni ya mshtuko), mapigo yakazidi, nawe ukaogopa zaidi. Vuta pumzi sekunde 4, itoe kwa 6, kwa dakika 5. Punguza kahawa (na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, afadhali uviache kabisa). Uvujaji mdogo kwa kawaida hupimwa tena baada ya miaka 3 hadi 5. Ukizimia au ukikosa pumzi ukilala chali, wahi hospitali.