Hostage si kila mateka

Ukitafsiri neno "mateka" kwa Kiingereza, je, "hostage" na "prisoner of war" ni kitu kimoja? Hapana, ingawa redio zetu huwaita wote mateka. Hostage ni mtu anayeshikiliwa ili upande mwingine ubanwe ufanye jambo: serikali iachie wafungwa, familia itoe pesa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 unaopinga utekaji huo unasema hivyohivyo: umemshika mtu, unatishia kumuua, kumjeruhi au kuendelea kumzuia, lengo likiwa kumshurutisha mwingine. Pasipo sharti, neno hilo halikai.

Wale Wamarekani 52 wa ubalozi wa Tehran ndio mfano wenyewe. Walikaa siku 444, kuanzia Novemba 1979 hadi Januari 1981, na vijana waliowashika walitaka Shah, mfalme wa Iran aliyepinduliwa, arudishwe Iran akashtakiwe. Mabaharia waliotekwa na maharamia wa Kisomali ni vilevile, maana simu ya kudai pesa ilikuwa inamfuata mwenye meli.

Askari aliyenyanyua mikono vitani na kupelekwa kambini ni "prisoner of war". Huyo analindwa na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, na mapigano yakiisha anatakiwa arudishwe kwao bila kucheleweshwa.

Ila angalia: hata askari anaweza kugeuzwa hostage, waliomshika wakianza kusema hatoki mpaka wapewe kitu fulani. Ukiwa huna uhakika habari inahusu yupi, andika "captive" tu, hilo linawabeba wote.